Mazishi ya Diski Pana

Chama cha Watumiaji wa Kompyuta cha Chuo cha Norvald kilikuwa na mwenyekiti na katibu waliochaguliwa kwa kura, lakini mwenye chama, kila mtu alijua, ni Lowell Tveit. Yeye ndiye aliyeandika "Habari za Mashine", ukurasa wa mwisho wa jarida la chama, ambao wanachama waliusoma kabla ya ukurasa wa kwanza. Prosesa gani imetoka, ipi inatoka mwezi ujao, diski gani inafaa kununuliwa na ipi ni ya kumpa shemeji usiyempenda, yote waliyapata kwa Lowell. Na aliandika vizuri, mtoto wa watu. Mtu mwenye mashine nzima inayomtosha angeusoma ukurasa ule, akarudi bwenini, akaitazama mashine yake kwa aibu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lowell alisifiwa, naye akaanzisha mazishi.

Mazishi yalikuwa hivi. Kila mwezi wanachama walikutana katika chumba cha chini cha jengo la hisabati, karibu na mabomba ya joto, na kando ya ukuta ilikuwapo meza ndefu waliyoiita Meza ya Marehemu. Mwanachama aliyebadilisha kifaa hakuruhusiwa kukitupa kile cha zamani. Alikileta, akakilaza juu ya kitambaa cheusi, wenzake wakavua zile kofia zao za sufu, na Lowell akasoma wasifu wa marehemu.

"Ndugu wafiwa," angesema, uso mkavu kama mchungaji wa kwao, "aliyelala mbele yetu ni diski ya rafiki yetu Dale. Alikuwa mpole. Alikuwa mpole mno. Ukimwomba faili, ulikuwa na nafasi ya kwenda kupika kahawa, kuinywa, na kujutia maisha yako, ndipo alete. Hakuwahi kumkosea mtu, kwa sababu hakuwahi kufika kwa wakati. Apumzike."

"Apumzike!" waliitikia wote, na kicheko kikatikisa mabomba.

Baada ya hapo palikuwa na urithi. Aliyetaka kumchukua marehemu alimchukua bure, ila watu wanaojiheshimu hawakurithi. Halafu wote walikula tambi za kuokwa na samaki wa kopo, alizozipika mama yake Dale Ostrowski, mwenyekiti.

Aliyerithi alikuwa mmoja tu, Corinne Beaulieu, mwanafunzi wa muziki kutoka kule mpakani, ambaye hata uanachama wake ulikuwa wa mashaka. Mwanzo alikuja kwa ajili ya zile tambi. Akaona watu wanazika vitu vinavyopumua, akaanza kuja na begi.

"Haya, mjane wetu huyo," Dale alimchokoza kila alipomwona akipapasa meza. "Leo unamzika mume wa ngapi?"

"Mjane mwenye mali hahurumiwi, bwana mwenyekiti," Corinne alijibu, mdomo umejaa. "Nipishe hapo nimchukue marehemu wangu kabla hajapoa."

Lowell alicheka na wenzake. Moyoni alimwonea huruma kidogo. Alimwona ni mtu aliyekuja kwenye karne hii kwa miguu.

Sasa tumwangalie Lowell mwenyewe. Ilikuwa mwaka wake wa mwisho, na kati yake na shahada palikuwa na kitu kimoja, tasnifu juu ya ushirika wa maziwa wa wilaya ya kwao, ule ambao babu yake alikuwa mmoja wa walioupigania. Hakuna Tveit aliyewahi kumaliza chuo. Mama yake, Ardis, alikwisha kuomba ukumbi wa chini wa kanisa kwa ajili ya sherehe ya Mei, shangazi wamegawana vyakula, na keki imeagizwa.

"Sura tatu ziko tayari, Mama," Lowell alimwambia kwa simu kila Jumapili. "Bado ya nne na ya tano tu."

"Mungu akusaidie, mwanangu. Shangazi yako Verna anauliza keki iwe na picha ya ng'ombe au ya kompyuta."

Na kweli, katika mwaka wake wa tatu alizianza kwa nguvu, kwenye mashine yake ya kwanza, ile nzito yenye kelele. Alipofika mbali kiasi cha kujipongeza, aliiwekea mashine maneno ya kumwamkia kila inapowashwa, ili asilale: LOWELL, LEO SURA YA NNE. Halafu akafikiria kwamba sura ya nne ina majedwali, na majedwali ni mazito, na mashine ile ni ya polepole. Kwa nini mtu mwenye akili ateseke? Aongeze prosesa kwanza, aandike baadaye.

Prosesa mpya ikadai ubao mpya. Ubao ukadai kumbukumbu ya aina nyingine. Kumbukumbu ikaleta joto, joto likataka feni, feni haikuenea kwenye boksi, ikabidi boksi jipya. Kila kilichokuja kilihitaji kujaribiwa, kila kilichojaribiwa kilihitaji kuandikiwa katika "Habari za Mashine", na kila kilichotoka kilistahili mazishi yenye wasifu mzuri. Hata diski ile yenye maneno ya kumwamkia alifuta mafaili ya kazi yaliyokuwamo akaizika. Sura zake hakuzipoteza, hapana. Alizinakili kwenye diski pana, zile laini za kukunjika, akazitia kwenye droo ya soksi. Atazihamishia kwenye mashine ikishatulia, alijiambia. Mashine haikutulia.

Profesa Haugen, msimamizi wake, mzee aliyeandika vitabu vyake vyote kwa taipureta, alimwuliza mara moja tu.

"Hiyo mashine yako sasa ina kasi gani, Tveit?"

"Ya zamani haioni ndani, Profesa. Hii ni mara kumi yake."

"Vizuri sana," mzee alisema huku akijaza kiko chake. "Basi na sura ya nne itakuja mara kumi."

Lowell alicheka kwa adabu. Alidhani amesifiwa.

Mazishi makubwa kuliko yote yalifanyika majira ya kupukutika majani. Lowell alikuwa ameandika ukurasa mzima, "Tuzike Diski Pana", akieleza kwamba diski ndogo ngumu ndiyo dunia ya sasa, na kwamba mtu ambaye mashine yake bado ina ule mdomo mpana wa kumezea diski laini anajitangaza mwenyewe kuwa mshamba. Watu hawakutaka kuwa washamba. Siku ya mkutano walikuja wakiwa wameing'oa midomo mipana ya mashine zao, wengine wakiwa bado na bisibisi mfukoni, na Meza ya Marehemu ikafurika. Lowell aliung'oa wake mbele ya umati na kuuweka juu ya lundo. Alisoma wasifu uliowatoa watu machozi ya kicheko. Kisha Dale akapakia lundo lile kwenye gari la baba yake na kulipeleka jalalani, nje ya mji. Corinne alikwisha kuchagua mmoja kabla ya hapo na kuutia begini, kama kawaida yake, na hakuna aliyejisumbua kumtazama.

Majira ya baridi yakapita. Mwishoni mwa Machi Profesa Haugen alibandika tangazo mlangoni kwake kwamba tasnifu zote zimfikie Ijumaa, adhuhuri, zikiwa zimechapwa. Jumatatu ya wiki hiyo Lowell aliamka na ari. Mashine ilikuwa tayari. Haikuwapo mashine kama ile kaskazini nzima. Aliiwasha, ikaitika kabla hajaondoa kidole. Akaenda kwenye droo, akatoa zile diski pana, akarudi nazo mezani.

Hapo ndipo aliposimama.

Alizitazama diski. Akaitazama mashine. Mashine ilikuwa na mdomo mmoja, mwembamba, wa kisasa, aliouandikia sifa nyingi sana. Alijaribu kuipima diski pale kwa macho, kama kwamba pengine imesinyaa tangu yale mazishi. Ukumbi wa kanisa, shangazi, keki ya ng'ombe, vyote vilikuwa ndani ya kile kikaratasi cheusi cha kukunjika, na hakuwa na pa kukitia.

Alikimbilia kwa Dale, chumba cha pili.

"Dale, niazime mdomo mpana. Saa moja tu, ndugu yangu."

"Mdomo gani?" Dale alikuwa amelala na viatu. "Si ulituambia tuzike? Tukazika. Tena mimi nililia kabisa siku ile."

"Wewe huwa hutupi kitu! Una soksi za kidato cha kwanza!"

"Soksi hukuziandikia makala," Dale alisema.

Akaenda kwa katibu. Katibu alikuwa ameutupa wake. Akaenda kwa wanachama wengine, pacha waliotoka mji wa Fargo, ambao hawakuwahi kumaliza kazi yoyote waliyopewa. Hii walikuwa wameimaliza. Akavuka uwanja kwa theluji iliyogeuka matope hadi kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, ambako angalau, alijisemea, watu wazima hawamsikilizi mwanafunzi. Msimamizi wa maabara alimpokea kwa mikono miwili. Ukutani nyuma yake, ndani ya fremu, palining'inia ukurasa wa "Tuzike Diski Pana".

"Bwana Tveit! Tulibadilisha zote Januari," alisema kwa furaha. "Wakubwa walikuwa wanasitasita, nikawaonyesha makala yako. Umetusaidia mno."

"Zote?"

"Zote. Hata ile ya stoo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini ni nadra akute watu wamemwekea na ngazi, wakamshukuru. Lowell aliondoka akiwa na hasira, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakupata wa kumkasirikia. Katika dunia nzima ya Norvald alikuwa amesikilizwa na kila mtu.

Kesho yake mchana, katika chumba cha kulia, Dale alimwona akiuchokoa mkate bila kuula, akamwonea imani.

"Umemuuliza mjane?"

Corinne alikaa juu ya duka la kufulia nguo, kwenye chumba kilichonuka sabuni mwaka mzima. Alimfungulia mlango akiwa na fidla mkononi. Lowell alianza kueleza, akachanganya maneno, mwishowe akanyoosha tu zile diski.

"Oh," Corinne alisema. "Hizo. Ingia. Vua viatu, nimepiga deki."

Mashine ilikuwa kwenye meza ya dirishani. Ubavu mmoja wa boksi haukuwa na mfuniko, pamefungwa skafu ya sufu kuzuia vumbi. Lowell aliijua kabla hajaifikia. Ile kibodi yenye herufi iliyofutika ilikuwa yake. Aliizika kwa maneno matamu juu ya uaminifu. Kile kioo chenye alama ya pete ya kikombe kilikuwa chake. Ubao aliouita "bibi kizee mwenye pumu", kumbukumbu aliyoisema "ya kuku", diski, feni, na chini kabisa, mpana, mdomo aliouzika mwenyewe kwa shangwe. Corinne hakuwa ameunda kompyuta. Alikuwa ameikusanya ya Lowell, kipande kwa kipande, mazishi kwa mazishi, mpaka ikarudi kuwa ile ile.

"Ni yangu," Lowell alisema.

"Ilikuwa yako. Ukaililia, ikawa yangu." Akabonyeza kitufe. "Ngoja kidogo, yeye hapendi kuharakishwa."

Feni ikanguruma. Kioo kikakaa kimya, kikafikiri, kikapata mwanga. Maneno yakajitokeza: LOWELL, LEO SURA YA NNE.

Lowell akayasoma mara mbili. Alikuwa ameyasahau kabisa.

"Haya yako hapa muda wote?"

"Kila asubuhi."

"Mbona hukuyafuta?"

"Mwanzo sikujua yanafutwaje. Baadaye nikayazoea." Corinne aliweka fidla kitandani. "Unajua, nilikuwa nakaa hapa na kahawa yangu, mashine inaita, Lowell, leo sura ya nne. Lowell hayupo. Nikaona vibaya iite bure, nikawa naitika mimi. Nikaandika ya nne, nikaandika ya tano. Nyimbo za fidla za mtoni kwetu, zote ziko mle. Nimeikabidhi kazi wiki iliyopita."

Hakusema kwa kujigamba, na ndiyo maana ilimchoma. Usiache mbachao kwa msala upitao, watu husema. Lowell aliuacha mbachao, msala ukapita, na mjane amekalia mbachao amesali sala zote. Akajikaza. Ya nne na ya tano ataziandika usiku na mchana. Tatu anazo.

Corinne aliisukuma diski ya kwanza kwenye mdomo mpana. Ikakwaruza, ikaguna, ikasoma. Sura ya kwanza ikatokea, nzuri, ndefu kiasi, babu na wenzake wakigombana juu ya makopo ya maziwa. Lowell akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Sura ya pili ikatokea. Ilianza vizuri, ikaenda kurasa chache, ikakata katikati ya sentensi iliyomhusu mtunza ng'ombe mmoja.

"Endelea kushuka," Lowell alisema.

"Hakuna chini. Ndiyo mwisho."

"Haiwezekani. Weka ya tatu."

Ya tatu ikawekwa. Kilionekana kichwa cha sura, kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari. Chini yake sentensi moja: *Nitaendelea nikishabadilisha prosesa.*

Chini, dukani, mashine za kufulia zilizunguka. Corinne alitazama dirishani kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake avae. Lowell alikumbuka sasa. Siku ile sura ya tatu yote ilikuwa kichwani mwake, imebaki kuandikwa tu, kwa hiyo aliihesabu. Akaandika yale maneno ya kuamkia juu ya nne. Na kwa kuwa kila Jumapili alimwambia mama yake kwamba ziko tatu, zikawa tatu.

"Utakunywa kahawa?" Corinne aliuliza.

"Hapana. Ndiyo."

Alimchapishia kilichokuwapo. Printa ilipiga kelele nyingi kwa majani machache sana ya karatasi.

Profesa Haugen aliyasoma yote palepale, Lowell akiwa amesimama. "Huyu babu yako ni mtu," alisema. "Ningependa kujua alifanya nini baadaye. Mei haiwezekani, unajua. Nakupa mpaka Agosti, na baada ya Agosti sikupi kitu."

Simu ya Jumapili ndiyo ilikuwa ngumu. Ardis alisikiliza mpaka mwisho. Lowell alimsikia akivuta kiti jikoni.

"Kwa hiyo zile tatu, mwanangu?"

"Hazikuwapo, Mama."

"Ulikuwa unanidanganya, au ulikuwa hujui?"

"Sijui, Mama."

"Keki haiwezi kurudishwa," Ardis alisema. "Tutaandika jina la binamu yako Marlys. Amepata leseni ya kuendesha basi la shule. Wewe safari hii ni wa kula tu, lakini uje."

Alikwenda. Alikula keki ya Marlys, yenye ng'ombe, kila shangazi akimwuliza kompyuta inaendeleaje.

Mngesema mtu huyu sasa amejifunza. Aliporudi Norvald aliyaweka majani aliyorudishiwa na Haugen kando ya mashine yake ya ajabu, akaketi ayapige upya, na akagundua kwamba kioo kinatetemeka kidogo pembeni. Kidogo sana. Akaenda kutafuta bisibisi. Mkutano wa mwisho wa mwaka ulipofika alikuwa amebadilisha kioo, na yale majani hayajaguswa.

Mkutanoni tambi zilikuwa za kuaga. Dale alikuwa ameshagonga meza aliposikika mlio wa magurudumu, Corinne akaingia akisukuma kitoroli cha maktaba. Juu yake ilikuwa mashine nzima, na skafu yake. Aliisogeza mpaka Meza ya Marehemu, akaipandisha juu ya kitambaa cheusi.

"Mjane anazika ukoo mzima!" Dale alipiga kelele. "Kafa na nini?"

"Hajafa. Mimi ndiye ninayeondoka. Kule niendako hakuna nafasi." Akawatazama. "Haya, mila ni mila. Vueni kofia."

Walivua, wakicheka, wakamgeukia Lowell kwa ajili ya wasifu. Lowell alisimama mbele ya meza. Alikuwa na maneno kwa kila kipande kilicholala pale. Aliwahi kuyasema yote, kimoja kimoja, na watu wakacheka. Safari hii alivua kofia yake tu, kama wengine. Kicheko kikafifia chenyewe.

"Basi nani anarithi?" Dale aliuliza, ili kuokoa hali.

Watu wanaojiheshimu walitazama mabomba. Lowell akainua mkono.

Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga tambi. "Mjane mpya!" waliimba. "Mjane mpya!" Naye aliibeba mashine kifuani, nzito vilevile, akapita katikati yao masikio yakimwaka. Corinne alimfungulia mlango. "Hapendi kuharakishwa," alimkumbusha.

Chumbani ilimbidi aishushe ile mashine ya ajabu sakafuni, kwa sababu meza ilikuwa moja. Akaunganisha nyaya bila kutazama, mikono ikizijua. Feni ikanguruma, tena kwa mkwaruzo fulani ambao mtu yeyote mwenye ujuzi angejua kwamba ni skrubu moja tu imelegea. Mkono wake uliingia mfukoni, ukaishika bisibisi. Kioo kikakaa kimya, kikafikiri. Alikwisha kuyasoma yale maneno kichwani kabla hayajaja, lakini Corinne alikuwa amejifunza kufuta, na alikuwa amebadilisha neno moja.

LOWELL, LEO SURA YA TATU.

Akaiweka bisibisi dirishani, akavuta kiti.